Kiwanja cha kwanza Dar es Salaam: yanayosemwa na yalivyo

"Nina karatasi ya serikali ya mtaa, kwa hiyo kiwanja ni changu." Hakuna dhana inayowaumiza wanaoanza kama hii. Mwenyekiti wa mtaa hagawi umiliki. Muhuri wake unashuhudia tu kwamba fulani na fulani wameuziana mbele yake, na haumzuii muuzaji kumuuzia mwingine kipande hichohicho mwezi ujao.

Kama eneo limepimwa na lina hati, mwombe muuzaji namba ya kiwanja na kitalu, kisha uombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Utajua nani amesajiliwa kuwa mmiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio, yaani kizuizi cha kuuza kilichowekwa kwenye hati. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha aliyekaa mbele yako. Akisema hati ni ya marehemu baba yake, usilipe hata shilingi ya kishika uchumba mpaka uone barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kama eneo halijapimwa, nenda halmashauri ukaulize mchoro wa mipango miji unasemaje, maana huenda kipande hicho kimetengwa kwa ajili ya shule au barabara. Dalali atakuambia unachelewa, kuna mteja mwingine njiani. Mwache huyo mteja anunue.

"Ukiwa na hati, ardhi ni yako milele." Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Hati miliki inakupa haki ya kuitumia kwa muda, mathalani miaka 33, 66 au 99, na ina masharti, ikiwemo kulipa pango la ardhi kila mwaka.

"Ardhi haishuki thamani." Inategemea iko wapi. Desemba 2015 nyumba zilizojengwa kwenye bonde la Msimbazi, eneo la mafuriko, zilibomolewa. 2017 ikawa zamu ya waliojenga ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara hiyo, kuanzia Kimara. Wengi walikuwa wamejenga kwa akiba ya miaka.

"Nyumba ya kupangisha inajilipa yenyewe." Tupige hesabu. Umetumia milioni 60 kujenga vyumba sita, kila kimoja unakipangisha kwa 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka unapata 4,320,000. Ondoa kodi ya zuio, ile ya serikali inayokatwa kwenye pango, ya asilimia 10, yaani 432,000. Chumba kimoja kikikaa wazi miezi mitatu, toa 180,000 nyingine. Imebaki 3,708,000, na hapo hujapaka rangi wala kunyonya choo. Kurudisha mtaji ni zaidi ya miaka 16. Si biashara mbaya, ila asiyejua hesabu hii hukopa mkopo wa miaka mitatu akitegemea kodi ya wapangaji iulipe.

Mwisho, wapo wanaoamini kwamba jina lililo kwenye hati ndilo pekee lenye sauti. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo ukinunua nyumba ya familia, omba ridhaa hiyo kwa maandishi, isainiwe mbele ya wakili, na mwenza mwenyewe awepo. Ukiambiwa amesafiri, subiri arudi.