Je, wajua kwa nini ufunguo wa Kanisa la Kaburi Takatifu kule Yerusalemu unashikwa na Waislamu?

Kila Pasaka ikikaribia hii stori inaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba lile kanisa la Yerusalemu lililojengwa pale Yesu aliposulubiwa na kuzikwa mlango wake unafunguliwa na kufungwa na Muislamu. Wengine wanabisha, wanasema uzushi huo. Sio uzushi jamani, ni kweli kabisa, na imekuwa hivyo kwa zaidi ya miaka 800. Kinachonikera ni yale maelezo yanayofuata, maana karibu kila mtu anamaliza kwa kusema "Wakristo walikuwa wanagombana wenyewe kwa wenyewe ndo maana Salahuddin akawapa Waislamu ufunguo", basi, imeisha (Salahuddin ni yule sultani wa Kiislamu aliyeuchukua mji 1187). Huo ni nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine ndo tamu.

Kwanza tuelewane kuhusu kanisa lenyewe. Liko ndani ya kuta za mji wa zamani, mtaa wa Wakristo, na Waarabu wa pale wanaliita Kanisa la Kiyama, yaani la Ufufuko. Ukristo ulianzia mji huu, wafuasi wa kwanza waliishi na kusali humu humu, kwahiyo wakazi waliendelea kupakumbuka mahali hapo hata baada ya Warumi kupajengea hekalu la miungu yao enzi za Kaisari Hadrian. Kaisari Konstantino alipogeukia Ukristo akaamuru hekalu lile libomolewe, kanisa likajengwa na kuwekwa wakfu mwaka 335. Tangu hapo limepigwa sana. Waajemi walilichoma 614, Khalifa al-Hakim aliyetawala kutoka Misri akalibomoa 1009, likajengwa tena na Wabizanti, yaani dola ya Kirumi ya Mashariki, alafu wale wapiganaji wa msalaba kutoka Ulaya walipouteka mji 1099 wakalipanua, na jengo unaloliona leo kwenye picha kwa sehemu kubwa ni kazi yao.

Sasa Uislamu unaingiaje hapa? Unaingia mapema sana kuliko Salahuddin. Mwaka 638 hivi Yerusalemu ilisalimu amri kwa Umar bin al-Khattab, khalifa wa pili, na Patriarki Sophronius, mkuu wa Wakristo wa mji, ndo alimkabidhi mji. Inasimuliwa kwamba muda wa swala ulimkuta Umar akiwa ndani ya kanisa, Sophronius akamwambia swali hapa hapa, yeye akakataa, akatoka akaswali nje, kwa hofu kwamba akiswali ndani basi Waislamu watakaokuja baadae watasema hapa Umar aliswali na watalichukua liwe msikiti. Mimi huwa naona kisa hiki ndo mzizi wa mambo yote yaliyofuata, na utaona kwa nini.

Ikaja 1187, Salahuddin Ayyubi akaurudisha mji mikononi mwa Waislamu. Wapo waliomshauri alibomoe kabisa lile kanisa ili Wazungu wasiwe na sababu ya kurudi tena. Wengine wakasema hapana, Umar alipouchukua mji huu aliliacha, sisi ni nani tulibomoe? Salahuddin akafuata la Umar. Lakini kuliacha hakumaanisha kuliacha wazi tu kila mtu aingie anavyotaka! Kanisa lilikuwa na milango miwili mikubwa mbele, mmoja ukazibwa kwa mawe, na mpaka leo umezibwa hivyo hivyo, ukabaki mmoja.

Hii ndo sehemu inayorukwa kwenye zile meseji za Pasaka. Fikiria hali ya wakati ule, wapiganaji wa msalaba walikuwa bado wanaishikilia Tiro kule pwani, Ulaya inajiandaa kuja na jeshi jipya, na 1192 Salahuddin akasaini mkataba na mfalme Richard wa Uingereza wa kuruhusu mahujaji wa Kikristo kuja Yerusalemu. Mtawala yeyote katika hali hiyo angetaka ajue nani anaingia na nani anatoka. Alafu kulikuwa na hela, kwa sababu kwa karne nyingi hujaji alilipa ada ili aingie, na walinzi walikaa kwenye benchi pale pale ndani ya mlango, mkono wa kushoto ukiingia. Kwahiyo mwanzoni ufunguo ulikuwa ni ishu ya usalama na mapato ya dola. Ugomvi wa madhehebu haukuwa sababu ya kuuanzisha huo mpango, ulikuja kuwa sababu ya mpango kudumu, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Familia zenyewe ni mbili, na hata zenyewe haziko na simulizi moja. Familia ya Joudeh ndo inatunza ufunguo, na wanasema walipewa na Salahuddin mwenyewe. Familia ya Nuseibeh ndo inafungua na kufunga mlango, na wao wanasema kazi yao ni ya tangu enzi za Umar. Yaani mmoja ana ufunguo lakini hafungui, mwingine anafungua lakini hakai na ufunguo.

Ugomvi sasa. Kanisa lina wenyewe wakubwa watatu, Waorthodoksi wa Kigiriki, Wakatoliki kupitia watawa Wafransisko, na Waarmenia, alafu kuna Wakopti (Wakristo wa Misri), Wasiria na Waethiopia wenye sehemu ndogo. Enzi za Waturuki wa Osmani hao wakubwa walikimbizana kwa sultani miaka na miaka, leo Wagiriki wanapata amri ya kumiliki altare fulani, kesho balozi wa Ufaransa anawapambania Wakatoliki amri inageuzwa. Mwaka 1757 Sultani Osman III akatoa amri ya kugawa haki, na 1852 Sultani Abdulmejid akaja kukaza kabisa: kila kitu kibaki kama kilivyo, aliyenacho anacho, asiyenacho hana, na hakuna anayebadili chochote bila wenzake kukubali. Mpango huo unaitwa Status Quo na unafanya kazi hadi leo hii, Waosmani walishaondoka, Waingereza wakaja wakaondoka, Jordan ikatawala mji huo wa zamani, saivi Israeli, na wote wameuheshimu.

Unafika mbali kiasi gani? Unaamua nani anafagia ngazi ipi, nani anawasha taa ipi, saa ngapi. Mwaka 1901 Wafransisko na Wagiriki walipigana hadi damu ikamwagika pale uani kwa sababu ya nani afagie kidato kimoja cha chini. Mwaka 2002 kule juu ya paa, ambako Waethiopia wanaishi kwenye vijumba vidogo na Wakopti wanadai ni kwao, mtawa mmoja wa Kikopti alisogeza kiti chake kutoka juani akakiweka kivulini, Waethiopia wakaona huyu anajiongezea eneo, watu 11 wakaishia hospitali. Na 2008 Wagiriki na Waarmenia wakashikana makonde karibu na kaburi lenyewe mpaka polisi wakaingia. Inauma kusoma, mahali hapo hasa!

Sasa jiulize, kati ya hao watatu nani angekubali mwenzake ashike ufunguo wa mlango pekee? Akiwa nao Mgiriki, Mkatoliki atalala macho wazi. Akiwa nao Mkatoliki, Muarmenia atasema mlango umeshakuwa wao. Muislamu hadai altare, hadai taa, hadai kidato, ndo maana wote watatu wanalala kwa amani ufunguo ukiwa kwake, na kwa vile ulikuwa tayari mikononi mwa familia hizo Status Quo ilipokazwa, ukabaki hapo hapo. Ni kama nyumba ya urithi ambayo ndugu wamemuachia jirani ufunguo, hati bado ni yao.

Na jinsi mlango unavyofunguliwa ndo inaonyesha vizuri kwamba mwenye ufunguo peke yake hawezi kitu. Ufunguo ni wa chuma, mrefu karibu sentimita 30. Usiku watawa wa madhehebu yote matatu wanalala ndani, mlango umefungwa kwa nje, hawawezi kutoka. Alfajiri, saa kumi au kumi na moja kutegemea msimu, mfunguaji anafika, na kwa ndani yule ambaye ni zamu ya dhehebu lake anafungua kidirisha kidogo kilichopo kwenye mlango na kupitisha ngazi ya mbao kumpa aliyeko nje. Kuna kufuli mbili, ya chini anaifungua akiwa amesimama, ya juu haifikii kwahiyo anapanda ile ngazi ndo anaifungua. Jioni wanarudia kinyumenyume, anafunga, kisha ngazi inarudishwa ndani kupitia kidirisha kile kile. Yaani Muislamu wa nje bila ngazi ya Mkristo wa ndani hafungui, na Mkristo wa ndani bila ufunguo wa nje hatoki.

Ndo maana nasema ufunguo huu sio umiliki. Februari 2018 viongozi wa makanisa walipogombana na serikali ya jiji kuhusu kodi za mali za kanisa, wao ndo waliamua kanisa lifungwe, likafungwa siku tatu. Familia hizo hazikuamua, zilitekeleza. Na 2016 wale wale watatu wanaogombania vidato walikubaliana kukarabati kijumba kinachofunika kaburi, maana kilikuwa kimechoka mpaka Waingereza walikizungushia vyuma tangu 1947, marumaru ikainuliwa, mwamba wa kaburi ukaonekana baada ya karne kadhaa, na Machi 2017 kazi ikazinduliwa, vyuma vikaondolewa.

Kama una mpango wa kuhiji huko, kuingia ni bure siku hizi. Fika uani kabla ya alfajiri ushuhudie mlango ukifunguliwa, alafu kukipambazuka angalia juu, dirisha la kulia, kuna ngazi nyingine ndogo ya mbao imeegemea hapo. Ilishaonekana kwenye mchoro wa 1728, na bado ipo kwa sababu ya ile ile Status Quo, hakuna mwenye ruhusa ya kuitoa.