Je, chipu ya 4558 ndiyo inayobeba sauti ya pedali ya ovadraivu?
Wapiga gitaa la umeme wengi huamini kwamba sauti ya pedali za ovadraivu (vifaa vya kukanyaga vinavyoipa sauti ya gitaa mkwaruzo) za mwishoni mwa miaka ya 1970 hutokana na chipu ya 4558, na kwamba chipu nyingine haiwezi kuifikia. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa chipu huonekana haraka pedali inapofunguliwa.

Hata hivyo, katika saketi hiyo kazi kuu ya chipu ni kukuza mawimbi, ilhali daiodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zilizo kwenye njia ya mrejesho, inayorudisha sehemu ya mawimbi kwenye ingizo la chipu, ndizo zinazokata vilele vyake na kuleta mkwaruzo. Rezista ya kiloomu 4.7 na kapasita ya mikrofaradi 0.047 husababisha sauti zilizo chini ya takriban Hz 720 zikuzwe kwa kiwango kidogo kuliko zilizo juu yake, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo ilipo tabia halisi ya pedali hii: besi haivurugiki, na sauti za kati hujitokeza. Kubadili kapasita hiyo husikika mara moja. Kubadili chipu husikika kwa shida.

Anayetaka kuhakikisha afunge soketi (kishikilio kinachoruhusu chipu kuchomolewa na kuchomekwa), atumie chipu zenye mpangilio uleule wa miguu, apitishe rekodi ileile ya gitaa, asawazishe ukubwa wa sauti, maana iliyo juu kidogo hudhaniwa kuwa bora, kisha mtu mwingine abadilishe chipu bila kumwambia ni ipi.