Jina la kanga ni nini hasa

Jina la kanga sio jina la kiwanda wala la aina ya kitambaa, ni yale maneno yaliyochapwa chini ya mji, yaani ile sehemu ya katikati, karibu na pindo. Kanga iliyokamilika ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji hapo katikati, na ina jina. Kitenge hakina mpango huo ndo maana anayejua hawezi kuvichanganya.

Mwanzoni hazikuwa na maneno. Karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walikuwa wananunua leso za Kireno zikiwa jora zima hazijakatwa, wanakata vipande wanaunga na vingine mpaka linatoka vazi, na Mombasa mpaka leo wengi wanasema leso. Neno kanga lenyewe inasemekana limetokana na madoadoa ya yule ndege kanga. Maneno yakaja baadae, kwanza kwa herufi za Kiarabu halafu hizi za Kirumi, na Mombasa huwezi kuongelea kanga ukamwacha Kaderdina Hajee Essak aliyeanza biashara 1887, zake zina alama ya Mali ya Abdulla.

Sasa utamu uko hapa. Umekosana na jirani, ukimfuata mkajibizana mtaa mzima utajaa, lakini ukijifunga Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake ukapita taratibu mbele ya baraza lake, kashasoma, na akikuuliza unamwambia mie nimependa rangi tu. Kwa wazee hawezi kukushtaki maana hujatamka kitu. Kwangu mimi huu ni ushairi kabisa, mstari mmoja umebeba fumbo zima na anayelengwa anajijua mwenyewe.

Bibi yangu dukani alikuwa haanzi na rangi, anauliza kwanza hii inasemaje. Na kweli, kanga ya zawadi lazima uisome, mama mzazi umpe Nani kama mama atalia kwa furaha, ila mama mkwe ukimpelekea Hasidi hana sababu kwa vile tu ina maua mazuri, hapo umeshatukana na kusuluhisha itachukua muda.

Iliyozoeleka kukaa bila jina ni kisutu, ile nyekundu nyeusi na nyeupe ya harusi, hiyo haiulizwi inasemaje, ukiiona unajua bibi harusi ndo huyo anapita.