Nyangumi Hafuati Chakula Katika Maji ya Joto

Watu wengi wanaomwona nyangumi wa nundu akichupa karibu na pwani ya tropiki hudhani kwamba amefuata samaki. Sivyo. Chakula cha nyangumi wa nusu ya kusini ya dunia ni uduvi wa maji baridi wanaojaa kuizunguka Antaktika, ilhali maji ya joto, pamoja na uangavu wake wote unaowafurahisha watazamaji, hayana cha kumshibisha mnyama wa takriban tani 30. Huja kupandana na kuzaa, na kwa miezi kadhaa huwa hali, au hula kwa nadra sana, akiishi kwa mafuta aliyoyahifadhi chini ya ngozi. Mzigo mzito zaidi humwangukia mama. Ndama, anayezaliwa na urefu wa mita 4 hivi, hunyonya maziwa mazito yenye mafuta mengi, na mara nyingi huibuka kuvuta pumzi mara kadhaa huku mama akiwa bado ametulia chini yake. Utulivu huo, ambao baadhi ya watalii huuona unachosha, ndio akiba ya safari ya kurudi, na boti inayowasogelea kwa kasi humlazimisha mama kuitumia mapema.