Silinda hedi: skimu peke yake si matibabu

Mteja anashusha hedi, ile sehemu ya juu ya injini yenye valvu, kwenye tuktuk, bado imejaa oili, na kabla sijaishika anasema, "Fundi, piga skimu tu, jioni nije niichukue." Gari lilichemka likipanda Mazeras, gaskiti inayoziba kati ya hedi na bloku ikaungua, na tayari ameshaambiwa dawa yake ni skimu. Dhana hii ndiyo inayotuharibia injini nyingi hapa Mombasa.

Skimu ni kukwangua hedi kwa mashine, na hunyoosha uso mmoja tu, ule unaokaliwa na gaskiti. Haizibi ufa, wala haikazi gaidi za valvu zilizolegea, yaani vibomba ambamo valvu huteleza. Hedi yenyewe inabaki na upinde wake. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, na kwa kuwa imebanwa na boliti, haina pa kwenda ila kupinda. Inapinda nzima, chini na juu. Ukiikwangua chini ikanyooka, kule juu inakolala kamshafti, mhimili unaofungua valvu, bado kuna mgongo. Jaribu mwenyewe: kabla ya kufunga valvu, laza kamshafti, kaza kepu zake, kisha izungushe kwa mkono. Ikibana, hedi hiyo haijapona hata kama chini inang'aa. Ukiilazimisha, kamshafti itakula pale inapolala au itakatika barabarani.

Kwangu skimu ni kazi ya mwisho. Kwanza hedi inaoshwa. Halafu tunaziba njia za maji, tunaitumbukiza kwenye maji ya moto na kuipiga presha ya hewa. Maji yawe ya moto kwa sababu kuna ufa usiofunguka hedi ikiwa baridi. Mara nyingi vipovu vidogo vinatoka katikati ya valvu mbili, mahali ambapo jicho halikuona kitu. Ndipo tunapima kwa rula ya chuma na filageji, vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Kwa 1NZ, injini ya Probox nyingi, upinde usizidi milimita 0.05 upande wa bloku.

Gaidi na siti, pale valvu zinapokalia zikifunga, zinabadilishwa, na ufa unaofikika unachomelewa na mtu anayejua kuchomea aluminiamu. Hizo ni za kutengeneza. Lakini hedi iliyochemka mpaka aluminiamu ikalainika, boliti zikaacha mashimo pale zilipobana na siti zikaanza kucheza, nunua nyingine. Hali kadhalika iliyokwisha kukwanguliwa mpaka chini ya kipimo, hasa ya dizeli, ambako valvu na pistoni zinakaribiana mno. Tena ziko hedi za dizeli ambazo mtengenezaji amekataza kabisa zisipigwe skimu.

Kisha kuna maneno ya wateja. "Ya ex-Japan haina neno," wanasema juu ya hedi iliyotumika Japani. Hujui injini ile iling'olewa kwa sababu gani. Patana na muuzaji kwamba itapigwa presha kwanza, ikivuja unairudisha. Akikataa, ondoka.

"Boliti za zamani zinatosha." Injini nyingi za sasa zina boliti zinazovutika zinapokazwa. Zipime urefu, zikizidi kikomo, nunua mpya.

"Mombasa joto, toa thamostati." Hili linanikera sana. Kwenye injini nyingi za Toyota, thamostati, mlango wa maji unaofunguka kwa joto, ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye redieta, na injini inazidi kuchemka ukiwa mlimani.

"Maji ni maji." Visima vingi vya hapa vina chumvi, na chumvi inaitafuna aluminiamu kuzunguka matundu ya maji mpaka gaskiti inakosa pa kukalia. Weka kulanti, maji ya dawa ya redieta, mwaka mzima.

Na ukileta hedi, leta na gaskiti ya zamani, usiioshe. Alama ya kuungua inanionyesha ni silinda gani ilivuja na ilivuja kuelekea wapi, kwenye maji au kwa jirani yake, na hapo ndipo naanza kuutafuta ufa.