Tundu la Chini ya Pampu ya Maji Halizibwi

Katika pampu mbili za maji ya kupozea injini za magari ya zamani nilizozifungua hivi karibuni, nimekuta tundu dogo lililo chini ya bodi (ganda la pampu) limezibwa kwa gundi ya chuma. Wenye magari hayo hawajuani, lakini wamenipa maelezo yale yale ninayoyasikia kila mwaka: pampu ilikuwa ikivuja hapo, wakaliziba, na uvujaji ukaisha. Dhana hiyo, kwamba tundu hilo ni kasoro ya kuzibwa, imenilazimu kutupa shafti (mhimili unaozunguka) na beringi (gololi zinazoubeba) nyingi ambazo zingedumu kwa miaka, na ndiyo maana ninaieleza hapa kwa kirefu.

Tundu hilo si kasoro ya kiwandani wala si tobo la kutu. Liliwekwa kwa makusudi kati ya sili na beringi. Nyuma ya bodi kuna impela inayosukuma maji, mbele kuna beringi inayobeba shafti, na katikati kuna sili inayoyazuia maji kwa kipete cha kaboni kinachosuguana na uso laini wa kauri au wa chuma. Vitu vinavyosuguana hulika. Vikishalika, matone hupita na kuangukia kwenye chumba kidogo kilicho mbele ya sili, kisha hutoka nje kupitia tundu hilo kabla ya kuifikia beringi. Mwenye gari huona doa la kulanti (maji ya kupozea injini) chini ya pampu na kupata muda wa kuagiza sili nyingine wakati vipuri vingine vyote bado ni vizima.

Ukiliziba, maji hayana pa kwenda ila mbele. Hujaa kwenye chumba kile, hupenya ndani ya beringi, huosha grisi yake, na gololi huanza kushika kutu. Shafti ikianza kucheza, sili nayo huzidi kuharibika kwa sababu nyuso zake hazikutani tena sawasawa, na impela inaweza kuanza kukwaruza bodi. Katika magari mengi ya zamani, feni imefungwa kwa bolti kwenye kitovu kile kile kinachobeba puli ya pampu. Kwa hiyo beringi ikiachia kabisa gari likiwa linakwenda, mapanga ya feni huweza kuingia moja kwa moja kwenye rejeta. Nimepokea rejeta ya shaba iliyochanwa namna hiyo. Kipuri kilichopaswa kubadilishwa hapo mwanzo kilikuwa sili peke yake.

Wapo pia wanaoliziba bila kujua, hasa wanaopaka bodi rangi au kumimina gundi ya gasketi kupita kiasi. Mimi sifungi pampu yoyote kabla ya kupitisha waya mwembamba kwenye tundu hilo, na ninamsihi kila anayejijengea pampu mwenyewe afanye vivyo hivyo. Ikiwa pampu ina tundu la pili upande wa juu, nalo liachwe wazi, kwa kuwa hupitisha hewa na mvuke. Matone machache katika dakika za kwanza baada ya kufunga sili mpya yasikutishe, maana nyuso zake zinazoeana. Yakiendelea baada ya injini kupata moto na kupoa mara kadhaa, fungua pampu. Usimimine dawa ya kuzibia uvujaji kwenye rejeta, kwa sababu haiponyi nyuso zinazosuguana, na inaweza kuziba mirija myembamba ambayo tayari ina uchafu wa miaka mingi.

Dhana ya pili ni kwamba beringi huingizwa kwa nyundo, mradi ugonge polepole. Katika pampu nyingi shafti na beringi ni kipande kimoja, na ukigonga ncha ya shafti, nguvu yote hupita kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye njia zake. Pampu huanza kunguruma mapema, na lawama humwendea aliyeuza kipuri. Tumia presi (mashine ya kukandamiza), ukandamize ganda la nje la beringi kwa bomba linalolingana nalo, na uipashe bodi moto kwanza ili itanuke.

Kuhusu grisi, si kweli kwamba ikizidi ndivyo pampu inavyodumu. Beringi iliyofungwa kiwandani haihitaji kuongezwa. Pampu yenye nipeli (kichuchu cha kuingizia grisi) huhitaji kiasi kidogo cha grisi inayostahimili maji, kwani ya ziada husukumwa ndani ya maji na kutanda kwenye mirija ya rejeta. Nyuso za sili zisiguswe na grisi kabisa. Sehemu yake ya mpira ilainishwe kwa maji ya sabuni.

Mkanda wa feni uliokazwa mno nao huua beringi, hata ikiwa mpya.

Si kila pampu ina sili ya aina niliyoieleza. Ford Model A, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1927, hutumia pakingi (kamba laini ya kuzibia maji) inayobanwa na nati kuzunguka shafti, na watu huikaza nati hiyo mpaka lisionekane hata tone moja. Pakingi ya namna hiyo huhitaji unyevu kidogo ili isiungue. Ikibanwa kupita kiasi huchimba mfereji kwenye shafti, na baada ya hapo hakuna pakingi mpya itakayozuia maji. Shafti iliyochimbika ibadilishwe.

Mwisho ni impela. Wengi hudhani kwamba ikishabana kwenye shafti kazi imekwisha, hata ikikaa popote. Ikiwa mbali mno na uso wa bodi, maji huipita pembeni na kurudi nyuma, na injini hupata joto ingawa kila kipuri ni kipya. Kabla ya kuivua, pima kina ilichokaa na ukiandike, kisha uirudishe kwenye kipimo hicho hicho, ila ikiwa kitabu cha gari kinataja kingine. Halafu zungusha shafti kwa mkono uhakikishe haigusi popote.