Modela unayo, sasa utajisikilizia kwa spika gani?

Wapiga gitaa wanaonijia hapa Mjini Unguja wakiwa na modela (kifaa cha kidijitali kinachoiga ampu na spika za gitaa) kama Helix au Quad Cortex huniuliza spika gani ya kujisikilizia jukwaani. Na mimi huwauliza: unapiga wapi?

Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi sauti zote. Ikipita hetsi 5,000 hivi inaporomoka, na ndiyo maana distoshani yake haikwaruzi masikio. Modela huiga tabia hiyo kwa faili la IR, ambalo hubeba mwitikio wa spika pamoja na maikrofoni iliyoirekodi. Basi ukitumia pawa-ampu (ampu ya kusukuma spika tu) na kabineti, yaani boksi la spika ya gitaa, zima IR. Ukiiacha, unapitisha gitaa kwenye spika mara mbili, na litasikika kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Fundi wa mixa yeye bado anaihitaji, kwa hiyo gawa njia: waya wa XLR (wenye pini tatu, kama wa maikrofoni) ukiwa na IR uende kwake, na jeki isiyo na IR iende kwenye kabineti yako.

Kwa hoteli za Nungwi na Paje, kabineti ya gitaa siipendekezi. Chukua spika yenye ampu ndani, inchi 10 au 12, inayotoa sauti zote sawasawa. Itabeba gitaa na mwimbaji pamoja, na meneja akija kuomba mpunguze (atakuja tu) hutaharibu kitu. Wati zilizoandikwa kwenye boksi usizitegemee sana. Mara nyingi ni za kilele cha kupita. Iinamishe itazame masikio yako, si magoti. Ikilala sakafuni karibu na ukuta besi hufura, kwa hiyo kata sauti zilizo chini ya hetsi 80 au 100.

Toni usiitengeneze chumbani usiku kwa sauti ya chini ukadhani kazi imekwisha. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio huzisikia kwa shida besi na zile kali. Nyumbani utaziongeza, jukwaani zitakutoboa. Fanya marekebisho ya mwisho kwa sauti ileile utakayopigia.

Iyafoni za jukwaani ni nzuri penye ngoma kubwa na jukwaa pana kama la Ngome Kongwe. Ila ukipiga na ala za taarab kama udi na kanuni, zinakutenga na wenzako. Wengi huchomoa moja. Mbaya hiyo, maana hujikuta wanapandisha ile iliyobaki. Afadhali kuomba maikrofoni moja ya kunasa jukwaa iingizwe kwenye miksi yako.

Jambo la mwisho, umeme. Hoteli ikihama kutoka laini kwenda jenereta, kukatika kwa sekunde moja kunatosha kuizima modela, na itawaka upya taratibu huku wimbo unaendelea. Ichomeke kwenye UPS ndogo (betri ya kushikilia umeme unapokatika), yenyewe na kifaa cha wayalesi basi. Spika iache kwenye soketi ya ukutani, maana umeme ukirudi inapiga palepale.